Maswali ya Wasomaji: Kapsuli Zinazovuja, Zinazopasuka na Zinazonyonya Chuma

Safari hii ukurasa wote tumeuachia kapsuli: vile vibomba vidogo vya dhahabu, platini, fedha au kioo cha silika ambamo sampuli hutiwa, vikafungwa pande zote mbili, kisha vikaingizwa tanurini au kwenye mtungi wa shinikizo. Maswali tumeyafupisha. Joto lote ni kwa nyuzi za Selsiasi.

Ndugu wahariri, nachanganya unga wa kioo cha granaiti na maji ndani ya kapsuli za dhahabu, kwa majaribio ya nyuzi 800 na megapaskali 200. Karibu nusu ya kapsuli zinavuja. Mshono unang'aa kabisa, lakini nikipima tena nakuta uzani umeshuka. Nakosea wapi?

Ndugu msomaji, mshono unaong'aa hauthibitishi kitu. Kinachothibitisha ni mizani, na sisi tunakurudishia swali: uzani umeshuka kati ya hatua ipi na ipi? Kapsuli ya maji hupimwa mara sita: ikiwa tupu, baada ya maji, baada ya unga, baada ya kubanwa mdomo, baada ya kuchomelewa, na baada ya kukaa kwenye joto la kupimia uvujaji. Tumia mizani inayosoma hadi miligramu 0.01. Kapsuli ya dhahabu yenye urefu wa milimita 20, kipenyo cha nje milimita 3 na ukuta wa milimita 0.2 ina karibu miligramu 680, na unachokitafuta ni sehemu ndogo sana ya uzani huo.

Tuseme umetia maji miligramu 2.5 na unga miligramu 50. Hayo ni maji asilimia 4.8. Ukikuta miligramu 0.3 zimepotea kabla hata hujawasha mashine ya kuchomelea, maji yamebaki asilimia 4.2, na kosa si la mshono. Ni kukawia. Tone la mikrolita 2.5 hukauka huku wewe ukitafuta koleo. Panga vifaa vyote mezani kabla ya kugusa sindano.

Sasa bomba lenyewe. Likate kwa msumeno wa sonara, sugua kingo kwa msasa laini, lioshe kwa asetoni kwenye bafu la mawimbi ya sauti kwa dakika 10, kisha lichemshe katika asidi hidrokloriki iliyozimuliwa na ulisuuze kwa maji yaliyokenekwa. Usiongeze asidi nitriki humo kwa tamaa ya usafi zaidi, kwa sababu mchanganyiko wa asidi hizo mbili huyeyusha dhahabu na platini. Likishakauka, lipashe moto hadi liwe jekundu hafifu kwa dakika chache ili metali ilainike. Wengi huiruka hatua hii. Bomba gumu hufanya nyufa kwenye mikunjo linapobanwa, na nyufa hizo hazionekani kwa macho matupu.

Bana upande wa chini kwa pembe tatu, kama nyota ya ncha tatu, punguza ncha zilizozidi, chomelea. Utazame kwa hadubini inayokuza mara 20 hadi 40. Mshono mzuri huonekana kama tone moja lililotulia na kuganda. Kagua zaidi katikati ya nyota, mahali mikunjo mitatu inapokutana, maana tundu likibaki hubaki hapo.

Maji hutangulia. Yashushe hadi sakafuni kwa sindano ya mikrolita, ndipo utie unga juu yake na kuushindilia taratibu. Unga huo ndio kinga ya maji dhidi ya joto la kuchomelea. Acha milimita 5 za juu tupu, na uzifute kwa ndani kwa kijiti chenye pamba. Chembe moja ya unga ikibaki mdomoni inatosha kuharibu kazi: joto la tao la umeme, hasa ncha inapokuwa ya grafiti, hunyang'anya silika oksijeni yake, na silikoni inayobaki huungana na metali. Aloi ya platini na silikoni huanza kuyeyuka chini ya nyuzi 900. Ya dhahabu ni mbaya zaidi, huanza karibu na nyuzi 363. Mshono wa namna hiyo unang'aa kama mwingine wowote, lakini kwenye nyuzi 800 unafunguka.

Kwa mdomo wa juu, simamisha kapsuli ndani ya kipande cha shaba kilichotobolewa tundu la kuitosha barabara, nacho kizame kwenye maji yenye barafu. Milimita 1 au 2 tu za mdomo ndizo zichungulie. Choma kwa mapigo mafupi, ukigeuza, na ukiipa shaba nafasi ya kunyonya joto kati ya pigo na pigo. Ukisikia mchirizo au ukaona mshono unatoa kipovu, maji yameanza kuchemka. Simama. Kapsuli hiyo usiizibe tena kana kwamba hakuna kilichotokea, kwani kiasi cha maji ulichokiandika daftarini hakipo tena.

Mwisho, iweke kwenye nyuzi 110 usiku kucha, ipoe ndani ya chombo cha kukaushia, pima. Tofauti ya miligramu 0.05 ni mtikisiko wa mizani tu. Ikifika 0.2, inavuja.

Sampuli zangu ni kavu, hazina maji wala gesi. Kapsuli zote hufaulu kipimo cha tanuri, lakini baadhi hurudi zimeingiwa na maji ya mtungi wa shinikizo. Inawezekanaje?

Kwa sababu kipimo cha tanuri hakiwezi kukuambia lolote kuhusu kapsuli kavu. Hakuna cha kutoka, kwa hiyo hakuna uzani wa kupungua, na kapsuli yenye tundu hufaulu sawa na nzima. Geuza kipimo: badala ya kusubiri kitu kitoke, lazimisha kitu kiingie. Tumbukiza kapsuli kwenye ethanoli ndani ya mtungi usiopashwa moto, panda hadi megapaskali 50 kwa dakika 10, shusha polepole, futa nje hadi ikauke, pima. Ikiwa imeongezeka uzani, ethanoli imeingia. Kama huna mtungi wa akiba, itumbukize kwenye maji yanayokaribia kuchemka na utazame kwa lenzi. Hewa iliyomo ndani hutanuka, na tundu hujitambulisha kwa msururu wa vipovu vinavyotoka mahali pamoja tu. Vipovu vilivyotawanyika mwili mzima ni hewa iliyoshikamana na metali kwa nje, visikutishe.

Nifanyeje nijue, kwa kutazama tu, kama kapsuli ilifanya kazi?

Ikitoka mtungini, itazame umbo kabla ya kuipima. Kapsuli nzima hutoka imebonyea: kuta zimesukumwa ndani hadi zikaikumbatia sampuli, na pale palipokuwa na nafasi tupu pamekunjamana. Hivyo ndivyo shinikizo la nje linavyoifikia sampuli, na ndiyo sababu kuta zinatakiwa kuwa laini na nyembamba. Kapsuli iliyotoka mviringo safi kama ilivyoingia ndiyo ya kuitilia shaka. Ilivuja mapema, maji ya mtungi yakaingia, shinikizo likalingana ndani na nje, hapakuwa na cha kuibonyeza. Wageni wa kazi hii huifurahia kwa sababu inapendeza, na wanaikata ya kwanza.

Iliyovimba ina habari nyingine. Shinikizo la ndani lilizidi la nje, aghalabu kwa sababu tanuri lilipashwa moto kabla shinikizo halijapanda, au kapsuli ilijazwa maji hadi juu pasipo nafasi ya kutanuka. Pandisha sehemu kubwa ya shinikizo kwanza, moto ufuate.

Naendesha majaribio ya basalti kwenye nyuzi 1200 kwa saa 24 ndani ya platini. Kila nikipima kioo kilichobaki, chuma kimepungua. Hesabu hazifungi.

Chuma chako kimo ukutani. Platini huyeyusha chuma ndani yake na kufanya nacho aloi, na kadiri mazingira yanavyokuwa na oksijeni kidogo ndivyo inavyokinyonya zaidi. Kapsuli hapo si chombo tena, imekuwa mshiriki wa jaribio. Ushahidi utaupata ukipima kwa mstari kuanzia katikati ya sampuli hadi ukutani: chuma kitashuka kadiri unavyosogea kwenye metali, na fuwele za olivini (madini ya magnesiamu, chuma na silika) zilizo karibu na ukuta zitakuwa na magnesiamu nyingi kwa chuma kuliko za katikati.

Dawa yake inategemea unachokitafuta. Dhahabu hainyonyi chuma kwa kiasi cha kukusumbua, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 1064 katika shinikizo la kawaida, kwa hiyo haikufai kwa 1200. Aloi ya dhahabu na paladiamu hustahimili joto zaidi na hunyonya chuma kidogo kuliko platini tupu, ingawa bado hunyonya. Njia ya pili ni kuishibisha platini mapema: ijaze basalti ileile, ipike kwa joto na hali ileile ya oksijeni ya jaribio, kisha uondoe kioo hicho kwa kukiyeyusha katika asidi na uitumie kapsuli iliyokwisha kupata shibe yake ya chuma. Ukiipika kwa hali tofauti ya oksijeni umepoteza muda, maana itanyonya tena, au itakirudisha chuma kwenye sampuli.

Ya tatu, inayotumika sana kwenye mashine za pistoni za gigapaskali 1 na kuendelea, ni kijikombe cha grafiti ndani ya platini. Grafiti huizuia sampuli isiguse platini. Gharama yake ni kwamba grafiti hushusha oksijeni: chuma cha feriki (chenye oksijeni zaidi) kitageuzwa kuwa cha ferasi (chenye oksijeni kidogo), na kaboni kidogo itaingia kwenye myeyuko. Kama swali lako ni kuhusu hali ya chuma yenyewe, grafiti imekwisha kukujibia kabla hujauliza, kwa hiyo achana nayo.

Na usisahau hewa. Kapsuli iliyobaki na nafasi ya mikrolita 50 imefungiwa karibu miligramu 0.06 za hewa, na oksijeni yake ni kama miligramu 0.014. Kiasi hicho kinaweza kugeuza miligramu 0.12 za oksidi ya ferasi. Kwa basalti yenye chuma tele hutaona tofauti. Kwa granaiti ya miligramu 50 yenye oksidi ya ferasi asilimia 1, hiyo ni robo ya chuma chote. Puliza argoni ndani ya kapsuli kabla ya kubana.

Nimesoma kwamba haidrojeni hupenya ukuta wa kapsuli. Ikiwa ni kweli, kufunga kuna maana gani, na zile kapsuli mbili, moja ndani ya nyingine, zinasaidia nini?

Ni kweli, na ni moja ya mambo mazuri sana katika kazi hii. Platini na aloi ya fedha na paladiamu huruhusu haidrojeni ipite. Dhahabu nayo huiruhusu, lakini polepole zaidi. Maji, kaboni dioksidi na myeyuko hubaki ndani. Sasa fikiria kapsuli ya platini yenye maji, ndani ya mtungi ulioshinikizwa kwa argoni. Maji huachana kidogo kuwa haidrojeni na oksijeni, haidrojeni hutoroka, oksijeni hubaki na kukivamia chuma. Utakuta magnetaiti, yaani madini ya oksidi ya chuma, mahali ulipotarajia madini mengine, na mshono wako hauna kosa lolote.

Mwanajiokemia Hans Eugster aligeuza udhaifu huo kuwa chombo mwaka 1957. Sampuli na maji hukaa kwenye kapsuli ndogo inayopitisha haidrojeni. Kapsuli hiyo huwekwa ndani ya kubwa ya dhahabu yenye maji pamoja na mchanganyiko unaoshikilia oksijeni mahali pamoja, kwa mfano nikeli na oksidi ya nikeli, au hematiti na magnetaiti. Mchanganyiko ukiamua kiasi cha oksijeni huko nje, maji ya huko yanaamua kiasi cha haidrojeni, haidrojeni inavuka ukuta mdogo, na ndani hali hulingana. Una mkono usioonekana unaoshika oksijeni ya sampuli bila kuigusa. Zingatia kwamba oksijeni ya ndani italingana kabisa na ya nje pale tu maji ya ndani yakiwa karibu safi. Ukitia kaboni dioksidi au chumvi nyingi ndani, oksijeni itashuka chini ya ile ya mchanganyiko, na ni lazima uihesabu.

Haya hushindikana kwa njia tatu. Mchanganyiko unaweza kuisha: baada ya jaribio, fungua kapsuli ya nje na utazame. Oksidi ya nikeli ni unga wa kijani, na nikeli ni chembe za kijivu zinazorukia sumaku. Ukikuta kijani peke yake, nikeli imeisha zote na hujui ilikwisha saa ngapi, hivyo jaribio halihesabiki. Maji ya nje yanaweza kuisha pia, na bila maji hakuna haidrojeni ya kubeba ujumbe. Tatu, nikeli ikiigusa platini huingiana nayo, na ukuta wa kapsuli ndogo ukaharibika. Weka mchanganyiko ndani ya kibomba chake kilichobanwa tu bila kuchomelewa, gesi itapita yenyewe. Chini ya nyuzi 700 au hivi platini huwa nzito kupitisha, kwa hiyo kapsuli ya ndani iwe ya fedha na paladiamu.

Nataka kutia kaboni dioksidi ndani ya kapsuli. Nimeambiwa nitumie oksalati ya fedha. Nitie kiasi gani, na mwishoni nitajuaje gesi ni kiasi gani na maji ni kiasi gani?

Oksalati ya fedha ikipashwa moto hutengana kuwa fedha na kaboni dioksidi, na asilimia 29 ya uzani wake hutoka kama gesi. Ukihitaji miligramu 2.9 za gesi, pima miligramu 10. Tahadhari: unga huu hulipuka ukipashwa moto au kusuguliwa ukiwa mkavu. Tengeneza kidogo, uhifadhi gizani, usiusage kwenye kinu. Usiipitishe kapsuli yenye oksalati kwenye tanuri la nyuzi 110 usiku kucha. Ipime kwa maji ya uvuguvugu na lenzi. Fedha inayobaki huingia kwenye aloi ya ukuta wa platini, nayo ina kiwango cha kuyeyuka cha nyuzi 962, hivyo izingatie kwenye majaribio ya joto kubwa.

Kufungua nako kuna utaratibu. Pima kapsuli. Igandishe kwa nitrojeni ya kimiminika, itoboe kwa sindano ikiwa bado imeganda, ukiwa nyuma ya kinga ya plastiki na miwani machoni. Iache ipate joto la chumba: kaboni dioksidi itaondoka, maji yatabaki. Upungufu wa uzani ni gesi. Ipeleke kwenye nyuzi 110 kwa saa moja au mbili, pima tena, na upungufu wa pili ni maji. Mtego ni umande. Kapsuli iliyotoka kwenye baridi kali huvaa jalidi kwa nje, na jalidi hiyo ina uzani. Futa, subiri, pima kila dakika mpaka namba itulie. Ukikawia mno nayo, maji ya ndani huanza kutoka kwenye tundu la sindano, kwa hiyo fuata mwenendo wa namba: ikianza kushuka kwa kasi ndogo isiyokoma, gesi imekwisha na hayo ni maji.

Bomba la silika limepasukia tanurini kwenye nyuzi 900. Ndani mlikuwa na gramu 2 za oksidi na iodini miligramu 50, na bomba lilifungwa chini ya ombwe. Iodini ilizidi?

Iodini si mkosaji. Bomba lenye kipenyo cha ndani milimita 10 na urefu wa milimita 130 lina mililita 10 hivi. Miligramu 50 za iodini kwenye nyuzi 900 hutoa shinikizo la karibu angahewa 1.9, na zaidi kidogo kwa kuwa molekuli za iodini huanza kugawanyika. Silika yenye ukuta wa milimita 1 hubeba hiyo bila taabu. Mtuhumiwa ni unga. Gramu 2 za oksidi zenye unyevu wa asilimia 1 tu zina maji miligramu 20, na maji hayo kwenye nyuzi 900 ndani ya mililita 10 hutoa angahewa 10 na ushee. Unga laini uliokaa wazi mezani hunywa unyevu huo kwenye hewa, nawe hutauona.

Ukaushe kwanza kwenye joto linaloufaa, kisha upashe tena joto ukiwa ndani ya bomba huku pampu inavuta, kabla ya kutia iodini. Baada ya hapo chini ya bomba pakae kwenye nitrojeni ya kimiminika, la sivyo pampu itavuta iodini pamoja na hewa, na utaona moshi wa zambarau ukielekea kwenye mpira wa pampu. Weka kizibo cha pamba ya silika juu ya unga, maana vali ikifunguliwa ghafla unga huruka hadi shingoni, na shingo yenye unga haifungiki: chembe huacha mfereji ndani ya mshono.

Shingo yenyewe ipunguzwe kwa mwali wa oksijeni na haidrojeni hadi milimita 3 au 4 kabla ya kuunganishwa na pampu. Unapofunga, zungusha mwali pande zote kwa usawa. Ombwe huvuta kioo laini kwenda ndani, na upande uliopashwa zaidi hunyonywa na kutoboka. Vaa miwani myeusi ya kuchomelea, kwa sababu silika inayoyeyuka hutoa mwanga mkali kuliko kioo cha kawaida. Kama unajaza argoni, kumbuka kwamba angahewa 1 uliyoifungia chumbani itakuwa karibu 4 kwenye nyuzi 900. Jaza robo.

Hesabu hii ya gesi ifanye kabla ya kila bomba, kwa maandishi, si kichwani.

Bomba langu halipasuki tanurini. Hupasuka likipoa.

Angalia kama limegeuka jeupe. Silika iliyokaa juu ya nyuzi 1000 huanza kuwa fuwele za kristobaliti, na fuwele hizo hubadili ujazo ghafla zinapopita kati ya nyuzi 270 na 200. Chumvi ya jasho la vidole huharakisha mambo: alama nyeupe yenye umbo la kidole gumba kwenye bomba lililopoa ni sahihi ya aliyelishika. Vaa glavu na ulifute kwa ethanoli kabla ya kuliingiza. Ikiwa bomba ni safi, basi metali imeshikamana na kioo na inasinyaa zaidi yake. Tia sampuli kwenye kijikombe cha alumina. Sodiamu, lithiamu, kalsiamu na magnesiamu usizitie kwenye silika kamwe, zitaila. Hizo hufungwa kwenye bomba la tantalamu au niobiamu lililochomelewa ndani ya argoni, kisha bomba hilo ndilo liingie kwenye silika yenye ombwe, maana tantalamu ikiwa ya moto haivumilii hewa.

Vijungu vya aluminiamu vya kupimia mabadiliko ya joto: sampuli yangu ina maji, nimefunga vizuri, lakini mchoro huruka vibaya karibu na nyuzi 130. Ni mageuzi ya sampuli?

Ni kifuniko. Vijungu vya kawaida vya kufungwa kwa kubanwa hushikilia angahewa 2 hadi 3. Mvuke wa maji hufika angahewa 2 kwenye nyuzi 120, na karibu 3 kwenye 133. Unachokiona ni kijungu kikifunguka na maji yakichemka kwa mpigo. Pima kijungu kabla na baada. Kikiwa kimepungua, utakuwa umepata jibu. Kikipungua hata kwenye majaribio yanayoishia nyuzi 100, chunguza ukingo: uzi mmoja wa sampuli uliolala chini ya kifuniko hutosha kuvujisha. Tia miligramu 5 hadi 10 katikati ya sakafu kwa ncha ya sindano, ukingo usiguswe, na kijungu cha kulinganishia kifungwe kwa namna ileile. Ukihitaji kwenda juu ya nyuzi 130 na maji yakiwa ndani, tafuta vijungu vya chuma cha pua vya shinikizo kubwa. Ni vizito, kwa hiyo mabadiliko madogo yatafifia kwenye mchoro. Sahihisha upya vipimo vya joto kwa metali ya indiamu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 156.6, ukitumia kasi ileile ya kupasha utakayoitumia kwa sampuli.